Springi ya Mzee wa Kajiado

Kwetu gari haliachwi gereji peke yake, maana fundi atalichomoa vipuri. Juzi, hapa Kitengela, mzee mmoja kutoka Kajiado aliketi juu ya tairi kando yangu akimkodolea fundi macho. Gari lake kuukuu lilikuwa likirekebishwa kishikio cha mlango, na alichunga kila kipande kilichofunguliwa.

Fundi alipokirudisha, kishikio kikalegea kama ulimi wa mlevi.

"Springi yake iko wapi?" fundi akauliza.

"Umeiba! Orijino kama hiyo haipatikani tena Kenya nzima!" mzee akafoka, akimtikisia ngumi.

Fundi akaitazama ngumi. "Mzee wangu, hebu fungua mkono."

Springi ilikuwa humo, imelowa jasho. Ikafungwa, mlango ukakubali.

Mzee akaninong'oneza, "Umeona vile alijua iko wapi? Huyo ni mwizi kabisa."