Ufunguo wa Kanisa la Shamba

Mama alipofariki kule shamba, Unguja, miaka ile ya hamsini, majirani zetu Waislamu walifika na majembe kabla sijamaliza hata kumfunga kidevu. Kwao maiti hacheleweshwi. Sisi Wakristo wachache wa shamba tulikuwa na kanisa letu dogo la makuti, lakini ufunguo wake ulikaa mjini kwa Padri, aliyekuja mara moja kwa mwezi. Tuliyemtuma kuufuata alirudi mikono mitupu: Padri alikuwa amevuka kwenda Bara, na mpishi wake hakuthubutu kuutoa. Mama alilala uani chini ya turubai mchana kutwa, na jioni tukamzika bila kumwingiza kanisani. Kwanza niliona haya mbele ya majirani, kisha hasira ikanishika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Baada ya matanga tulikubaliana twende kwa Padri, wazee watatu na mimi. Tulitaka mambo mawili: ufunguo ukae kwetu, na iwepo kamati ya waumini wenyewe ya kuamua mambo ya kanisa letu. Mkubwa wa wazee, mtu mpole aliyefundisha katekisimu miaka mingi, ndiye tuliyempa kusema.

Padri alitupokea vizuri, akauliza tuna shida gani. Mzee akajibu kama anavyojibu mtu yeyote mwenye adabu Unguja.

"Hatuna neno, Padri. Tumekuja kukujulia hali tu."

Hapo mwenyeji huuliza tena, pengine hata mara ya tatu, ndipo neno litoke. Padri, Mzungu wa watu, alifurahi kweli kweli. Akatushukuru kwa kumkumbuka, akatubariki, akatusindikiza mlangoni. Kufumba na kufumbua tuko nje, wazee kofia mikononi.

Wakasema basi, tutarudi mwezi ujao. Niliwaambia watangulie wao kwenye gari; mimi sirudi shamba bila ule ufunguo. Nikageuka, nikapiga hodi upya.

"Padri, neno tunalo," nilimwambia. "Mama yangu kafagia lile kanisa tangu mie mdogo, na siku yake ya mwisho kafungiwa nje. Tunataka ufunguo, na tunataka na sisi tuwe na kauli."

Alisema ufunguo ni dhamana kubwa, na waumini wakianza kujiamulia, hajui watakomea wapi. Nilimjibu kwamba maiti hawezi kungoja meli. Nikasikia viatu nyuma yangu. Wazee walikuwa wamerudi. Mkubwa wao, safari hii bila kuzunguka, akasema hatuondoki.

 Padri akavuta karatasi, akaandika majina ya wanakamati: mzee wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafunga kalamu, akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo, akampa mkubwa wao. Wazee wakaanza kushukuru na kuaga. Mimi nilibaki nimesimama pale pale.

"Padri," nikasema, "bado jina moja."

Alinitazama sana, kisha akaifungua tena kalamu.