Bibi wa Ayalandi na Mtoto wa Marehemu Dada Yangu

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, hata leo miguu imekwisha kuniishia nguvu. Tulikuwa tukikaa Manfuha, Riyadh, mimi na mume wangu Suleiman bin Juma, dereva wa maghala ya Sulay. Nilikuwa nikimlea Nasoro, mtoto wa marehemu dada yangu Zuwena. Nasoro hakuwa na ikama, kile kibali cha kukaa nchini. Akishikwa atapelekwa Unguja, na Unguja hana hata wa kumpa maji.

Suleiman aliponiposa nilimwambia, "Ukinitaka mimi, na huyu pia." Akakubali kwa kiapo. Lakini kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, alipoanza kuuliza habari za mtoto, mume wangu akawa mpole kupita kiasi. Mara tende, mara viatu vya Nasoro.

"Leo alasiri kafili anakuja kumchukua, amtengenezee ikama," akaniambia asubuhi ile, macho yako ukutani.

Nilikuwa nikifua nguo hospitalini. Sista Burijida, muuguzi wa Ayalandi, akaniona nasuuza shuka lilelile haliishi. Nikamweleza kwa Kiarabu chetu cha kuokota kuwa nahofu mtoto atakabidhiwa askari.

Naye akanipa habari za bibi mmoja wa kwao, wa zamani mno, binti wa nyumba kubwa. (Jina alinitajia, ndilo jina pekee maishani lililonishinda ulimi.) Mfalme wa Uingereza aliwaua ndugu za bibi huyo, akabaki mtoto wa kaka yake, naye anasakwa. Bibi yule, mjane, akaolewa na mtawala wa kaskazini kwa sharti moja: mtoto alindwe. Akawapatanisha makabaila waliokuwa hawali sahani moja, wakasimama upande wa mtoto. Kisha akaona mumewe anapatana na watu wa mfalme. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, hakungoja tone. Akamvika mtoto nguo za kimaskini, akampakia meli ya Ufaransa, ndipo akamwendea mume: "Nilikukubali kwa ajili yake. Sasa kwaheri." Mtoto akakua ugenini, akarudi kwao mtu mzima, akarudishiwa vyake.

"Na kama mume hakuwa na nia mbaya?" nikauliza.

Burijida akanikemea. "We binti! Mtoto uliyemsafirisha bure utamwita arudi. Aliyeshikwa utamwitia wapi?"

Nikarudi mbio. Jirani yangu Bi Thureya na mumewe Seif walikuwa wakipakia gari, wanakwenda umra na utitiri wa watoto, kisha Jeddah. Huko, mtaa wa Bani Malik, alikuwa akikaa shangazi yangu Asya. Asya ameolewa na raia wa huko, na zamani alisema nimpe Nasoro amlee. Mimi ndiye niliyekuwa simwachi.

"Mtie katikati," akasema Bi Thureya. "Wangu mwenyewe siwamalizi kuwahesabu, sembuse askari!"

Tukamvika kanzu ya mwanawe Hilali. Nasoro hakulia. Nililia mimi.

Alasiri Suleiman akaja na kafili.

"Yalla, mtoto yuko wapi?" kafili akauliza.

"Mafi," nikamjibu. "Hapa hapana mtoto."

Akachungulia chumba chetu kimoja, akaondoka kwa hasira. Suleiman akakaa kizingitini.

"Umenidhania hivyo, Maryamu?"

Sikumjibu. Mpaka anakufa aliapa kuwa ilikuwa ikama tu. Huenda kweli. Sitajua. Tulizeeka pamoja na neno hilo limelala kati yetu. Nasoro alikulia Jeddah, akapata karatasi zake, leo ana wajukuu.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa mtu asiye na mtetezi, usimweke rehani kwa wema wa mwingine, hata awe mume unayempenda. Moyo ukishtuka, kwanza mtoe hatarini, maswali baadaye. Ukiwa umemdhania mtu bure, utamwomba radhi mtoto yu salama. Na radhi hiyo iombe, usinyamaze kama mimi.

Mwenyezi Mungu akulindie walio mikononi mwako, na akujaalie mume asiyelazimika kukuuliza swali nililoulizwa mimi. Amin.