Kiuno cha Chizuru na cha Tambi Zake

Jua halijachomoza, na Chizuru Mizobuchi anavua makubazi, anavaa soksi safi na kupanda juu ya donge la unga. Donge limefungwa kwa nailoni nzito na kufunikwa mkeka. Analikanyaga kwa visigino, polepole, mkono mmoja umeshika bomba la chuma ukutani.

"Bomba hili ndilo mume wangu sasa," anasema. "Mwenyewe yuko jikoni, anaogopa kuniangalia."

Mama mkwe wake, Bi Fusae, mwenye miaka 81, anaangalia bila woga kutoka kwenye kigoda chake.

Chizuru, miaka 54, anapika tambi nene karibu na mji wa Marugame, katika kibanda alichokianzisha Fusae. Kilipokuwa wazi, bakuli lilikuwa yen 350. Huku tambi isiyo na kiuno si tambi. Koshi, kiuno, ndivyo wanavyouita ule ukakamavu unaoshindana na meno kidogo, na ni neno lile lile la kiuno cha mtu.

Majira ya baridi ya mwaka juzi aliinua gunia la unga, kiuno kikamkamata pale pale. Daktari akamwambia asahau kukanyaga unga.

Fusae akaazima mashine ya kukandia unga. Kinyozi Nagao, mteja wa kila siku, akaonja na kuweka vijiti chini.

"Mama, hizi hata kibogoyo anameza tu."

"Basi kesho usije," Fusae akamjibu.

Kesho yake akafunga kibanda. Kitafunguliwa kiuno kikirudi, alisema, na kisiporudi, basi tena.

Chizuru alilia. Maumivu aliyaweza; hakuweza kuona mlango ule umefungwa kwa sababu yake. Akashika mazoezi ya hospitali, na nyumbani akawa anakanda vidonge vidogo vya unga ili mikono isisahau. Siku moja muuguzi akampigia simu kumuuliza kiuno kinaendeleaje.

"Nikamwambia bado laini, nadhani nilizidisha maji," anasimulia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Maskini, akataka kuniitia daktari."

Mwezi uliopita aliruhusiwa kukanyaga, mradi ashike kitu. Tangu hapo Fusae anaonja kila siku, na jibu lake ni moja: "Bado."

Leo unga umelazwa, umesukumwa, umekatwa na kuchemshwa. Nagao amechungulia dirishani, kama kawaida yake.

"Dada, leo umezitia nguvu?"

"Mimi sizitii. Zinapata zenyewe," Chizuru anamjibu. "Ukisema umezitia wewe, unajisifu, halafu zinakuumbua."

Fusae anatafuna tambi moja, macho kayafumba. Anatafuna weee. Nagao anaacha utani.

"Koshi ga tsuyoku natta," Fusae anasema hatimaye. Kiuno kimepata nguvu.

Chizuru anamgeukia. "Cha tambi, mama, au changu?"

"Ulipomalizia kukanyaga, ulikuwa umeshika nini?"

Chizuru anaitazama mikono yake, kisha bomba. Hakumbuki aliliachia saa ngapi. Mumewe, aliyetoka jikoni bila kuitwa, anasema yeye aliona, ila alichelea kumshtua.

"Kumbe uliangalia," Chizuru anamwambia.

Kibanda kitafunguliwa Jumamosi. Nagao ameshaagiza mabakuli mawili, na Fusae amemwambia atalipa kwanza, kwa ule mdomo wake. Na bomba je?

"Litabaki," anasema Chizuru. "Nitalitundikia taulo."