Samaki wa Kuonyeshwa Jirani

Juzi nilinunua kambale sokoni Mpanda, nikampasua nyumbani kwangu Nsemulwa, nikakuta nyama yake imejaa minyoo midogo ya manjano, kama punje za mtama. Nikageuka, kisu mkononi, ili nimwite mtu aje aone. Wanangu wamekwisha kuhamia mbali. Nyumba ilikuwa kimya.

Wewe uliyekulia kando ya mto Ugalla unaikumbuka miezi ya mwisho wa kiangazi, mto unapokatika ukabaki madimbwi, samaki wakabanana na konokono na ndege. Hayo ndiyo yalikuwa majira ya minyoo. Bibi yangu alipasua samaki nje, mbele ya njia, akawainua juani ili mwanga upenye nyama. Akiona punje, hakukaanga kimyakimya, alimwita jirani. Na desturi yetu ilikuwa hii: aliyeitwa kushuhudia samaki wabovu aligawana mboga yake na aliyemwita.

Nakumbuka mchana ambao mwalimu wangu alialikwa kula kwetu, na samaki wote wakatoka na minyoo. Mafuta yalikwisha kuchemka, harufu ya kitunguu imejaa uani. Mgeni alikuwa ndani, asingejua lolote. Nikamtazama Bibi. Akaniambia, "Mgeni akila asichokijua, nitamtazamaje usoni?" Kisha akapaza sauti kumwita jirani, mwanamke mwenye ulimi mkali.

"Bibi wee, leo unampikia mwalimu samaki au mtama?"

"Acha maneno. Wewe umepika nini?"

"Kisamvu. Na nilijua tu mtaniita, nyie mna pua ndefu!"

Akaja na sufuria yake, akicheka hadi mwalimu naye akacheka. Samaki wakatiwa motoni. Hawakupewa mbwa wala kurudishwa mtoni. Sijapata kula kisamvu kitamu kama kile.

Hayo yote yalinijia juzi, nikausogelea ukuta wa uani, nikamwita jirani yangu aje aone. Sauti yake ikajibu kutoka nyuma ya geti lake lililofungwa: "Mrudishie tu aliyekuuzia, mama." Alisema kweli, tena kwa adabu. Nikasikia mwiko wake ukikwaruza sufuria.

Siku hizi tunajua mengi kuhusu usafi wa chakula, na ni vema. Lakini kila mmoja anakagua samaki wake peke yake, ndani, na akiwakuta wabovu anafunga mlango.

Nilimteketeza yule kambale kwenye jiko la mkaa, nikasonga ugali wa kutosha watu wawili, nikaula kwa chumvi. Mlango wa uani niliuacha wazi.