Nilivyohama Nchi kwa Sababu ya Shemeji

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza maisha nikibeba viazi kichwani kutoka Bugeshi hadi soko la Gisenyi, miguu mitupu, na leo nina duka lenye paa la bati, baiskeli mbili na nusu ya lori. Nusu nyingine ni ya mtu wa Kanama, lakini usukani uko katika nusu yangu. Shuleni nilikaa mpaka mwalimu aliponiuliza kama nyumbani kwetu hakuna kazi. Nikamwambia ipo, nikaenda kuifanya. Nimeona mlima ukitapika moto nikaendelea kupima chumvi. Kwa hiyo, miaka ile ya hamsini, serikali ilipotangaza kwamba sisi watu wa mtaa wa Waislamu tutajichagulia wenyewe mkubwa wa mtaa, nilisimama mbele ya duka nikasema wasisumbuke, matokeo ninayajua.

Mtu wangu alikuwa fundi cherehani, rafiki yangu wa siku nyingi, bingwa wa Kifaransa, anayesema bonjour hata kwa kuku. Mpinzani wake alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza ndagala, wale dagaa wakavu. Mpole kupita kiasi. Ukienda kununua fungu moja, kwanza atakuuliza mama yako amelalaje, kisha atakuongezea mkono mmoja wa bure. Mtu wa namna hiyo ataongoza nani? Nikasema, na watu walisikia: "Shemeji akishinda, mi ninahama. Ninaenda kukaa Goma."

Goma ni palepale ng'ambo ya mpaka. Ukiwasha sigara dukani kwangu unafika kabla haijakuchoma vidole. Lakini ni Kongo, na kuhama nchi ni kuhama nchi.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mtu umtakaye, kwenye uwanja wa mpira, karani wa serikali akihesabu. Nilikuwa wa kwanza nyuma ya fundi, kanzu mpya, kofia imenyooka. Sikugeuka hata mara moja. Mtu wa heshima hageuki kuangalia nyuma kama mchungaji wa mbuzi. Nilisikia miguu mingi ikija, vumbi likapanda, nikajua ni watu wetu. Karani alipomaliza, ndipo nikageuka. Nyuma yangu walikuwa watu tisa, na mmoja alikuwa mgeni wa Mudende aliyedhani tunapanga foleni ya chumvi. Mstari wa shemeji ulipita katikati ya magoli ukatokea barabarani. Ndani yake niliwaona watu waliokunywa chai yangu asubuhi ileile, na wengine midomo ilikuwa bado na sukari.

Jioni nikakuta nyumbani kumepikwa wali, na haikuwa sikukuu.

"Huu wali ni wa nini?"

"Ni wa kaka yangu," mke wangu akasema. "Kula, Baba, usilale na njaa ya hasira."

Nikala sahani mbili, zote kwa hasira.

Kesho yake yakaanza. Mtu anaingia kununua sabuni, anapima kwa macho rafu zangu: "Yewe mzee, uko ungali hapa? Tulisikia uko Goma!" Mwingine: "Safari iko lini? Mi nataka kukusindikiza." Mpaka akina mama wa maharagwe kutoka Kanama, ambao wala hawakuulizwa kura, wakawa wananipungia mkono wa kwaheri kila wakipita.

Mcheke, lakini mimi duka langu limesimama juu ya neno langu. Nikisema mafuta ya taa yatafika Alhamisi, mtu anachoma tone lake la mwisho Jumatano bila wasiwasi. Nikilimeza neno moja mbele ya mtaa mzima, ni nani ataamini lingine?

Basi nikaenda kutafuta barua. Wakati ule mtu hakuhama hivihivi. Ilibidi mkubwa wa mtaa athibitishe kwamba unaondoka kwa wema. Na mkubwa wa mtaa sasa ni nani? Nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani. Shemeji ataniomba nisiende, nitakataa. Ataniomba tena, nitakataa kwa sauti ya chini. Mara ya tatu nitamhurumia, nitabaki.

"Karibu, shemeji. Dada yangu hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuchukua barua ya kuhama."

"Bon," akasema, akatoa muhuri mpya kabisa, akaupulizia pumzi, akagonga. "Hii ndiyo ya kwanza. Asante kwa kunifungulia muhuri."

"Hutanizuia?"

"Mi nikuzuie? Mutu mukubwa kama we, na umeshasema? Donc, basi, kitanda utabebaje? Ngoja nikutafutie watu."

Watu wakapatikana upesi ajabu, nadhani mstari wake wote. Walibeba kitanda, meza na taa, wakiimba mpaka mpakani. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mi sihami," akasema. "Mi sikumwambia mtu kitu."

Nikakaa Goma, chumba kimoja juu ya yale mawe meusi ya volkano, mahali ambapo kuku akichakura anaumia kucha. Asubuhi navuka kufungua duka Gisenyi, mchana nakula kwa mke wangu kama mgeni, jioni navuka tena kwenda kulala ugenini. Askari wa mpaka mwanzoni aliniuliza kama naingia au natoka. Baadaye aliacha, maana hata mimi nilianza kukosea jibu.

Kilichonitia nguvu ni fundi. Nilijiambia nateseka kwa ajili yake. Nilimwona akilini amekonda, cherehani limefungwa, Kifaransa kimemwisha mdomoni. Ijumaa moja nikanunua sukari nikaenda kumpa pole. Nyumbani hayupo. Nikaelekezwa barazani kwa shemeji, na hapo nikamkuta na cherehani lake, anamshonea shemeji koti la kazi, kikombe cha chai pembeni. Alikuwa amepewa umakamu.

"Fundi! We uko hapa?"

"Karibu, ndugu yangu! Kumbe ungali Goma?"

"Niko Goma kwa ajili yako!"

"Ya nini?" akasema, uzi mdomoni. "Mi nilisikitika mpaka saa sita. Kisha nikasikia njaa."

Shemeji akanimiminia chai. Nikainywa wima, ili ajue sijakubali chochote. Ndipo akasema, polepole kama anavyouliza habari za mama wa watu: "Rudi nyumbani, shemeji. Dada yangu anapika sana, chakula kinabaki."

"Nitarudi nikitaka."

"Muzuri. Lakini unajua desturi. Anayehamia mtaani anatambulishwa baada ya sala, na anachinja kondoo, majirani wamjue uso."

"Mimi? Nyumba ya kwanza ya bati mtaani ni yangu!"

"Ni kweli. Lakini ulihama, muhuri iko."

"Barua ya kuingia nitaandika mi," fundi akasema. "Kwa Kifaransa. Itakuwa nzuri sana."

Nikachinja. Si kondoo mmoja wa aibu, dume lenye mkia wa kuburuta. Baada ya sala shemeji akanishika mkono akanisimamisha mbele ya watu: "Huyu ni mgeni wetu kutoka Goma, anauza sabuni, tumpokee." Wakapanga mstari, mrefu kuliko ule wa uwanjani, na safari hii ulikuwa wangu wote. Wakanipa mkono mmoja mmoja, nyuso kavu. Wakaniuliza Kongo kukoje, na kama nimeoa. Jirani wa ukuta mmoja na mimi akanionyesha msikiti ulipo.

Mke wangu anasema ningeweza kununa bure, nyumbani, kama wanaume wengine. Mimi vya bure sijazoea. Kondoo, mchele, chumba cha Goma na mihuri miwili, hasira yangu ilinigharimu faranga mia sita themanini na saba.