Mawe ya Baraza kwenye Lori la Machano

Machano hakuwa mtu wa maneno. Ukimwamkia alikujibu, ukimuuliza hali alikwambia njema, kisha ukabaki ukitazama kisogo chake, maana alikwisha kuinamia mipira ya lori. Kabla ya Mapinduzi aliendesha lori la tajiri mmoja wa karafuu. Baada ya Mapinduzi lori likawa la ushirika, na yeye akabaki palepale usukanini.

Mtaani kwetu Ng'ambo tulimcheka kwa jambo moja. Madereva wenzake walitia upepo, wakaupiga mpira teke, wakaondoka. Yeye kila safari alizunguka gari, akaibonyeza mipira kwa kiganja, akaongeza huku, akapunguza kule, mpaka abiria wakamtukana kimoyomoyo. Nami nilikuwa mmoja wao, ila ulimi wangu haujui kukaa moyoni.

Siku tulipomhamisha bibi yangu ndipo ulimi huo uliponyamaza.

Ulikuwa mwaka nyumba za mtaa wetu zilipobomolewa kupisha majumba ya ghorofa. Bibi, Bi Mwanakhamis, alikuwa ameteleza uani akavunjika nyonga. Hizo ghorofa alizitazama kwa mbali, akasema ngazi wapande wenye miguu. Yeye anataka kwao, Uroa. Daktari alituonya waziwazi: mfupa ndiyo kwanza unaanza kushika, akirushwarushwa njiani utaachana, na kwa umri wake hatosimama tena. Niliogopa mno. Barabara ya Uroa wakati ule ilikuwa ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa na meno.

Basi nyumba nzima ilipakiwa kwenye lori: milango, boriti, mabati, vyungu, makasha mawili. Katikati kikawekwa kitanda cha Bibi, yeye mwenyewe akalazwa juu yake, na turubai likafungwa kuwa paa. Nyumba ikawa imepanda gari pamoja na mwenyewe ndani.

"Mmepakia nini?" Machano alimuuliza mjomba wangu Shaame.

"Vitu vya kizee tu. Mbao na nguo."

Ndivyo tulivyo. Mwenye kuhama hataji alichonacho, kwani kijicho nacho kina masikio. Wachukuzi waliobeba yale makasha walitoka jasho na kutazamana, lakini nani angeuliza uzito wa kasha la mama mtu mzima?

Machano akatia upepo wa mbao na nguo. Kisha akaomba bakuli la maji, akaliweka kwenye ubao karibu na kitanda, akaniambia nikae nilitazame. Tukaenda mpaka mwisho wa mtaa. Gari likapiga shimo, maji yakanirukia gaunini, na Bibi akauma kanga yake. Machano akashuka, akapunguza upepo. Tukazunguka tena, maji yakacheza kwenye ukingo. Akapunguza tena, sikio lake likiwa karibu na mpira kana kwamba unamnong'oneza. Safari hii tulipita juu ya lile shimo lilelile, na maji yakatikisika kidogo, yakatulia.

Subhanallah! Nilimtazama Bibi, nikaona paji la uso wake limekunjuka. Mtu mzima alikuwa akipita juu ya mashimo ya Ng'ambo na amesinzia! Nikayakumbuka maneno yote niliyowahi kumrushia Machano, nikaona haya.

"Haya, twende!" akapiga kelele mjomba Shaame, ambaye haraka zake hazijawahi kumfikisha popote.

Machano hakwenda. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya lori. Mpira ulikuwa umelala, ubavu umetoka nje kama tumbo la mla pilau. Akaugusa.

"Ushaanza kupata moto, na hatujatoka mtaani," alisema. "Hizi si nguo. Nkiuacha hivi utapasuka kabla hatujafika Dunga. Nkiukaza, Bibi ataruka kila jiwe. Vyote viwili haviwezekani kwa mzigo huu."

Hakumgombeza mjomba. Alipanda juu, akachutama kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuulizi kilichomo makashani. Nnaomba ruhusa tu niyashushe."

Machozi yakamtoka Bibi. "Baraza la Pandu," alisema.

Pandu alikuwa babu yangu, marehemu. Lile baraza la mbele ya nyumba alilijenga mwenyewe kwa mawe ya Uroa, na kila alasiri alikaa pale mpaka mauti yalipomchukua. Bibi alikuwa amemtuma jirani alivunje kabla wabomoaji hawajafika, na mawe yote yakaingia makashani.

"Kaza mipira," Bibi akasema. "Mimi n'tastahamili. Siendi bila ya yeye."

Nilitaka kupiga kelele. Machano akatikisa kichwa.

"Niwekee mimi amana, Bibi."

Kwetu neno hilo halichezewi. Amana huulizwa duniani na huulizwa akhera. Bibi aliutazama mkono wa Machano uliojaa masizi ya mipira, akautazama sana, kisha akafungua fundo la kanga, akampa funguo.

Makasha yakashushwa nyumbani kwa Machano, nasi tukaenda. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akaigusa mipira, akapanda tena. Tulipofika Uroa, maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Bibi aliyanywa.

Wiki zikapita bila Machano kuonekana. Tulisikia lori lake limepelekwa kubeba kokoto za majumba mapya. Mjomba Shaame akaanza utani wake: mawe ya Pandu yashakuwa msingi wa ghorofa, na mpewa funguo kala amana. Bibi, ambaye sasa aliweza kusimama na mkongojo, alikuwa akitazama njia tu. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na ndani kwa ndani niliogopa kwamba mjomba, kwa mara moja maishani mwake, amesema kweli.

Alasiri moja tukasikia gari linakuja kwa njia ya Chwaka. Lilikuwa likigonga, likiruka, minyororo ikilia, kuku wakakimbilia vichakani.

"Dereva gani huyo?" mjomba akafyonya. "Anaua gari!"

Bibi aliinua mkono tunyamaze. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha, kama Machano alivyousikiliza mpira.

"Kaikaza mipira," akasema. "Ana mzigo."

Akajiinua kwa mkongojo wake, peke yake, akasimama.

"Wanu," akaniambia, "nipe ile kanga yangu mpya. Mume wangu anakuja."