Gari la Kijani na Kurasa Zangu Nne

Jumamosi, tarehe 13 Novemba 1993, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti uani kwetu Ujiji nikipangusa magurudumu ya gari ambalo nilikuwa nimekatazwa kuligusa. Nianze kwa kukiri aibu yangu: wapo wanawake wa sokoni Kibirizi ambao hadi leo huniita "Mwalimu wa Mgiriki", nami sina haki ya kuwalaumu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijani, lenye viti viwili na paa la turubai, la aina ile iliyotengenezwa kwa mashindano, na liliingia uani kwetu zaidi ya miaka ishirini nyuma, nikiwa shule ya bweni Tabora. Baba hakusema limetoka wapi. Kila Ijumaa baada ya swala alilifunua, akalipangusa, akaliwasha, akainama kulisikiliza kama mganga asikilizaye kifua cha mgonjwa, kisha akalizima na kulifunika. Hakuna aliyepakiwa. Hata siku mama alipozidiwa, baba alimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani huku gari limetulia palepale chini ya turubai (jambo ambalo sikumsamehe, nakiri). Ukimwuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Gari lipo."

Kimya chake tulikijaza sisi. Mimi, mwalimu wa historia, niliyefundishwa chuoni kudai ushahidi wa kila kauli, niliwahoji shangazi zangu watatu, nikapata hadithi tatu, nikazishona zikawa moja: kwamba marehemu babu alilipata kwa Mgiriki mmoja wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kwa kubadilishana na shehena ya mawese. Nikapiga chapa kurasa nne. Kilichobaki kilikuwa wasikilizaji.

Basi mpwa wangu Zuhura akawa anaolewa Kibirizi, na baba akawa amekwenda msibani Tabora, nami nikafungua kasha lake nikatoa ufunguo, nikijiambia kuwa historia ya ukoo ni mali ya ukoo wote.

Shemeji Kassim, dereva wa malori, alishika usukani, bibi harusi kando yake, sisi wengine tukafuata kwa pikapu na matarumbeta, na kwa kweli tulipendeza, mpaka mashimo ya njia ya Kibirizi yalipolitikisa gari likakohoa mara mbili na kuzima katikati kabisa ya soko la dagaa. Kushoto dagaa wameanikwa mchangani, kulia dagaa wameanikwa, na nyuma yao, ufukweni, mamia ya watu walioshuka majuma yale kwa mitumbwi kutoka Burundi, wamekaa juu ya mikeka na masufuria yao wakingoja malori ya kuwapeleka kambini. Kassim alipiga stata hadi jasho likamtoka.

"Shemeji, sukuma!" akapaza sauti mama mmoja muuza dagaa. "Au mnataka tuligeuze, likauke upande wa pili?"

Soko zima likacheka. Mtu mwenye busara angeshuka akasukuma. Mimi nilipanda juu ya pikapu, nikakunjua kurasa zangu nne na kuanza kusoma (sauti ya darasani, mnaijua), nikidhani heshima ya gari itafunika aibu ya injini. Nilikuwa nimefika kwa Mgiriki pale mwanamke wa makamo alipoinuka miongoni mwa wakimbizi, kitenge kimoja, miguu mitupu, akapita katikati yetu kana kwamba hatupo. Akaingiza mkono chini ya usukani, akasukuma kitu tusichokiona.

"Piga," akamwambia Kassim.

Likanguruma. Matarumbeta yakadakia kwa furaha, lakini yule mama hakuutoa mkono.

"Swichi hii aliiweka mume wangu, Stanislasi," alisema. "Ikitikiswa, inalala. Aliilaani mwenyewe kila asubuhi."

Matarumbeta yakafa moja moja.

"Haya, mwalimu, endelea!" akaita yule muuza dagaa. "Mgiriki kafikia wapi?"

"Bibi harusi, shuka mwanangu, gari lina mwenyewe!" akadakia mwenzake.

Zuhura akashuka, akaenda kwa mumewe kwa miguu, magamba ya dagaa yakiwa yameganda kwenye pindo la shela. Lakini hilo silo lililonimaliza. Mama yule, aliyeitwa Goreti, alinitazama na kuniuliza kwa upole, "Aliyekuja nalo yuko wapi?" Na mimi mwenye kurasa nne nikazikunja, nikazitia mfukoni.

Nilimchukua mpaka nyumbani. Baba alirejea kwa treni siku iliyofuata, akalikuta gari lina vumbi la njiani; kisha akamwona mgeni, na nilipomtaja jina akavua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akimfanyia mtu.

"Mama, nimekungoja sana," alisema. "Alikuja siku ya mvua kubwa, mwaka ule wa mauaji ya kwenu, kwa njia ya Manyovu mpakani. Chai hakuimaliza. Akasema, 'Mzee, barabara ya kwenda kwa Goreti na wanangu imefungwa. Nitunzie hili, napita ziwani kuwafuata.' Nikamsindikiza Kibirizi, akapanda mtumbwi."

Mama Goreti alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Waliniambia wamemwona akikimbia na gari lake. Miaka yote hii nimewaambia watoto kuwa baba yao alituacha."

"Alirudi, mama. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ego," alisema taratibu, ndiyo ya Kirundi, kama anayemwitikia mtu aliye mbali. "Alirudi."

Nilimwuliza baba baadaye kwa nini hakutuambia hata sisi. "Ni amana, mwanangu," akajibu. "Aliyeiweka hakunipa ruhusa ya kuitangaza. Gari likijulikana kuwa mwenyewe hayupo, watajitokeza wenyewe kumi." Nikaukumbuka ule mkokoteni wa mama. Nilijiona mdogo mbele yake, mdogo kuliko nilivyowahi kuwa utotoni. Nikaapa kwamba sitaandika tena asili ya kitu chochote kabla sijauliza ni nani anayekililia.

Majuma matano baadaye nilimpelekea Mama Goreti barua hii kambini:

"Mama yangu, salaam nyingi. Niwie radhi kwa kulitoa gari lako bila idhini, na kwa yale niliyoyasoma mbele za watu. Kurasa zile nimezichoma. Nimeandika upya ukurasa mmoja, unaoanza na jina la Stanislasi na kuishia pale alipopanda mtumbwi. Nimeuambatanisha, rekebisha utakapoona nimekosea, kisha uwasomee wanao. Ulisema gari likae, kwa kuwa kambini huna pa kuliweka. Limekaa. Ila Ijumaa tano sasa baba amelipangusa bila kuliwasha, kwa maana mwenyewe amepatikana. Anauliza: je, unampa ruhusa?"